Kibaba cha Baba

Sijui nianze kushangaa wapi. Nikianza na mlango mtaniona mjinga, maana ulikuwa mlango tu, wa mbao, una komeo na kitasa. Nikianza na rafu mtasema nimeota, na mimi mwenyewe ningefurahi mtu akiniambia hivyo. Basi nianze na neno. Neno lenyewe ni kibaba. Nimelitamka tangu nina meno mawili, nimelitamka kwa njaa na kwa shibe, na katika umri wangu wote sikuwahi kulisikiliza hata siku moja.

Mji wetu hauna jina, kwa sababu hakuna aliyewahi kutoka nje yake akahitaji kuutaja. Kazi yetu ni moja, kusuka ukili. Asubuhi tunakaa barazani, tunachana ukindu, tunasuka; ukitimiza pima tano unaukunja na kuupeleka Dirishani. Dirisha ni tundu katika ukuta mrefu ambao hakuna aliyeufikia mwisho wake. Unautia ukili wako ndani, sauti inakuuliza, "Wa nani?" Unamtaja baba yako. Kisha kibaba kinatokea kizingitini kimejaa mchele, kinafutwa juu kwa kijiti mbele ya macho yako, unamiminiwa kikapuni. Vibaba vitano kwa pima tano. Kibaba chenyewe kila mtu anakijua: mti mweusi, kimo cha shubiri moja, mdomo wa kuingia ngumi. Awe bibi kizee, awe mwali aliyetolewa ndani juzi, anachokiona kizingitini ni kile kile. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yetu. Tulijisifu kwamba hapa kwetu hakuna mkubwa wala mdogo, sote tunapimiwa kwa kibaba.

Na lile swali la "wa nani"? Mimi nilidhani ni adabu. Haki ya Mungu, nilidhani Dirisha limelelewa vizuri, linatuulizia wazee wetu.

Ila mchele ukifika nyumbani haulingani. Hilo nalo tulilijua, na tulikuwa na jina lake: baraka. Kuna mikono yenye baraka na kuna isiyokuwa nayo. Wawili wanapimiwa pamoja, kibaba kwa kibaba, mmoja akifunua kikapu kimejaa, mwenzake chake anaona kitako. Hakuna aliyeuliza zaidi, kwa sababu kuchungulia kikapu cha mtu ni husuda, na mwenye husuda hukimbiwa. Tulivifunika vikapu vyetu kwa kawa, tukapishana njiani tukiamkiana vizuri kabisa. Asiye na baraka alijijua mwenyewe. Alijifunza kutogusa mchele wa wengine, akiombwa kubeba, alirudisha mikono nyuma akasema, "Nisamehe, mkono wangu mwepesi." Hakuna aliyemlazimisha kusema hivyo. Tulimwona mstaarabu.

Wangu ulikuwa mzito. Niseme kweli, nilijipenda sana kwa jambo hilo. Nilikuwa nikiutazama mkono wangu wa kulia ukiwa umelala juu ya paja, ninauona umeshiba, na nikiwaza: huyu ni mimi, hiki nimekipata mimi, kwa kuamka mapema, kwa kunawa, kwa kutosema ovyo. Nilikuwa na maelezo ya kila punje niliyokula.

Jirani yangu barazani alikuwa somo yangu. Tulipewa jina moja, Mize. Mimi Mize wa Nasibu, yeye Mize wa Vuai, na kwetu wenye jina moja huitana somo mpaka kufa. Tulianza kusuka siku moja, tumekaa jamvi moja. Yeye akimaliza pima tano mimi niko kwenye ya nne, na ukili wake ulikaza, haukuwa na mwanya wa kupitisha sindano. Lakini kwake moto uliwashwa mara moja kwa siku, na siku nyingine moto wenyewe ulichemsha maji matupu, majirani wasikie mfuniko ukigonga.

"Somo, hebu nambie kweli," nilikuwa nikimuuliza. "Unanawa kabla ya kwenda Dirishani?"

"Nanawa."

"Unamtaja Mungu?"

"Namtaja, somo."

"Basi kikapu unakiacha wazi njiani. Ndipo baraka inapotorokea."

Alikuwa akicheka, kicheko cha mtu anayeomba radhi. "Labda. Labda mimi mzembe tu."

Nilimsukia kawa jipya kwa mikono yangu. Alipozika mtoto wake wa kiume, aliyekonda mpaka akaisha, nilikwenda msibani na mchele wangu, nikapikia watu wote, nikashukuriwa sana. Nilimwambia nini pale kaburini? Nakumbuka vizuri. Nilimwambia ajitahidi kwa huyu aliyebaki. Miaka ishirini na mmoja nilimfundisha mtu namna ya kubeba kikapu.

Aliyebaki ni Raya, binti yake. Siku niliyoitwa ndani kuwa mpimaji, maana wenye mikono mizito wakikomaa huitwa ndani, ndiyo siku ambayo Raya alikuwa anapeleka ukili wake wa kwanza. Na ukili wa kwanza si mchezo. Unavyomiminiwa siku ile ndivyo utakavyomiminiwa mpaka uzikwe. Haijatokea mtu akaanza na mkono mwepesi akamalizia na mzito. Alfajiri Mize alinifuata mlangoni kwangu, akanishika vidole viwili tu, asiniguse kiganja.

"Somo, ukiwa huko ndani muombee mwanangu. Asirithi mkono wangu. Sitaki kitu kingine hapa duniani."

"Akijitunza hatarithi," nikamjibu.

Nilimjibu hivyo. Mimi.

Mlango ukafungwa nyuma yangu. Ndani hakuna asubuhi. Hakuna jioni vilevile, kuna mwanga tu ambao haujulikani umetoka wapi, na wakati umekaa chini, hauendi. Niliitazama mikono yangu nikaona mmoja wa kigoli na wa pili wa ajuza. Nikaifumbata kwa hofu. Nilipoifumbua ilikuwa yangu tena, lakini sikuiamini kama zamani.

Aliyenipokea alikuwa Bwana Makungu, mkereza. Yeye ndiye anayechonga vibaba. Alikuwa mtu mpole, nyusi zimejaa unga wa mbao, akaniuliza kama nakunywa kahawa. Ningependa kuwaambia kwamba alikuwa na macho mekundu au sauti ya kutisha, ingenisaidia. Hakuwa nayo.

"Karibu, binti Nasibu. Kazi nyepesi. Ukili ukiingia, tupa hapo."

Hapo palikuwa na shimo. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikainama nikachungulia, nikaona ukili, pima juu ya pima, mweupe juu, chini umeoza, chini zaidi umekuwa udongo. Ulikuwa ukili wa mji mzima. Wangu ulikuwemo, na wa Mize, ule usio na mwanya, umelala na ule uliosukwa na walevi.

"Hamuutazami?"

"Tunatazama kama umeletwa."

"Na ukisukwa vizuri?"

Alifikiri, kwa heshima, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo halijawahi kuulizwa. "Hata ukisukwa vizuri," akasema, "hulala vizuri tu shimoni." Akaendelea na kahawa yake.

Nilikumbuka vidole vyangu vilivyochanika, na mama yangu akinifumulia ukili wa pima nzima kwa kosa la mwaa mmoja, uzi mmoja tu wa ukindu, nikalia, nikaanza upya. Ilikuwa ya nini? Nani alikuwa akiutazama mwaa ule?

Ndipo mkono wa kwanza ukaingia tunduni. Bwana Makungu akanionyesha kwa kidevu. "Muulize, halafu kitoe."

"Nikitoe kipi?"

"Kibaba chake."

"Chake?"

Akainua taa, na nyuma yake nikaona rafu. Hazikuwa na mwisho, kushoto wala kulia; zilipanda juu mpaka mwanga ukachoka. Kila rafu imejaa vibaba, vyote vya mti mweusi, vyote kimo cha shubiri moja, na kila kimoja kimechomwa jina kwa chuma cha moto. Jina la baba.

"Kwani ulidhani neno lenyewe maana yake nini?" aliniuliza bila kejeli. "Ki-baba."

Ki. Baba. Ki-baba. Mama yangu wee. Nilikuwa nimelitafuna miaka yote, sasa ndio linavunjika mdomoni. Ki-baba, kama kitoto, kama kidude, kama kitu cha kibaba, cha baba, chenye baba ndani. Kumbe tulikuwa tukipishana Dirishani kila mmoja amepakatwa na mzee wake, na mzee ndiye anayemiminwa. Kumbe swali halikuwa adabu. Lilikuwa swali la kazi, swali pekee la kazi, na sisi ndio tuliokuwa na adabu.

"Lakini vyote ni sawa," nilisema. Nilisikia sauti yangu ikibembeleza. "Vinalingana. Nimeviona maisha yangu yote."

"Nje vinalingana," akakubali.

Nikakitafuta cha Vuai. Kilikuwa chini, karibu na sakafu, kimewekwa pembeni mwa cha Pandu, yule marehemu aliyemuoa Mize. Walikuwa majirani rafuni kabla hawajawa wakwe barazani, na mimi nilicheza ngoma kwenye harusi ile nikidhani ni mapenzi tu. Nikatia ngumi. Vidole viligonga mti kabla kifundo hakijaingia. Kitako kilikuwa kimepandishwa, mbao nene imejaa chini, na juu yake panabaki nafasi ya punje za kumshibisha kuku. Kinafutwa kwa kijiti mbele ya macho yako, na macho yako yanaona mdomo tu.

Kisha nikakitafuta cha Nasibu. Rafu ya katikati, usawa wa uso wangu. Nikatia ngumi, ikaingia. Nikasukuma, ukaingia mkono mpaka kiwiko, ndani ya chombo cha shubiri moja. Sikugusa kitako. Nikauchomoa nikapiga kelele, na Bwana Makungu akaniomba radhi kwa kutonitahadharisha.

"Hivyo vya juu," alisema, "huingia mpaka bega. Hata sisi hatuthubutu kuvisafisha."

"Nani aliamua? Babangu alifanya nini?"

"Babako? Hakufanya kitu. Babu wa babake alifika hapa siku ambayo mbao zilikuwa laini. Vuai wa kwanza alifika siku ya mbao ngumu, mkereza kachoka, mvua inakuja."

"Na watoto?"

"Mtoto hupimwa kwa kijiti. Natia kijiti ndani ya kibaba cha baba, nachonga cha mtoto kina kile kile. Kwa vya chini naacha mbao kidogo, ni tahadhari. Kwa vya juu nachimba kidogo zaidi, ni heshima."

Tahadhari. Heshima. Maneno mazuri mawili, nimewafundisha nayo watu wengi.

Nataka mnielewe hapa, maana hapa ndipo nilipopotea. Sikulia kwa ajili ya Mize. Hilo lilikuja baadaye. Kwanza nililia kwa ajili yangu, kwa uchoyo kabisa, kwa sababu nilikuwa nimeibiwa kitu ambacho hakikuwa changu. Kama mkono wangu haukuwa mzito, basi yule mwanamke aliyeamka mapema alikuwa nani? Aliamka, hilo kweli. Alinawa. Lakini Mize naye aliamka. Nilijipekua kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, nikitaka nione punje moja tu, moja, ambayo ningeweza kuapa kwamba nimeipata mimi na si Nasibu. Huenda ipo. Sikuwa na chombo cha kuipimia, kwa sababu chombo pekee kilichokuwa mle ndani kilikuwa na jina la baba.

Bwana Makungu akampimia aliyekuwa akingoja, na mkono mwingine ukaingia tunduni. Juu ya kidole gumba una kovu la moto. Mimi nina kovu hilo.

"Wa nani?" mdomo wangu ukauliza wenyewe.

"Wa Nasibu!" ikajibu sauti ya msichana, kwa madaha, na nikaifahamu. Alikuwa mimi, siku ya ukili wangu wa kwanza. Wakati mle ndani haujui kupita. Nikakitoa kibaba changu, nikampimia, kikabubujika. Nikamsikia akimgeukia aliye nyuma yake kwenye foleni. "Umeona, somo? Mimi nilinawa mara mbili." Nikataka kumvuta kwa kidole kile cha kovu nimwambie anyamaze. Lakini alikuwa ameshaondoka, anaringa, na mkono uliofuata ulikuwa mwembamba, umeshika ukili usio na mwanya, na sauti yake ya kuomba radhi ikasema, "Wa Vuai."

Nikampimia. Nilifanyaje? Nikakifuta kibaba cha Vuai kwa kijiti, vizuri, nikammiminia. Ulikuwa mchele wa miaka ishirini na mmoja iliyopita, na niliupima leo, kwa mkono wangu.

"Sasa huyu mpya," alisema Bwana Makungu, akachukua kipande cha mti. "Anakuja hivi punde. Raya wa Pandu." Akatia kijiti ndani ya kibaba cha Pandu. Kijiti kilikuwa kifupi kama njiti ya kiberiti. Akaanza kukereza, huku akiimba polepole.

Nilimtazama akiacha ile mbao ya tahadhari.

"Usimalize," nilisema.

"Eh?"

"Usimalize hicho. Anacho."

Nikakishusha kibaba cha Nasibu kutoka rafuni. Nikachukua chuma kutoka motoni, nikalichoma jina la baba yangu mpaka likawa doa, na chini yake nikaandika Raya wa Pandu. Herufi zilisomeka.

Bwana Makungu aliweka chini kazi yake. Hakukasirika, alinihurumia. "Ukitoa hicho, wewe huna tena. Jina moja, kibaba kimoja."

"Najua."

"Na watoto wako je?"

"Sina watoto."

"Ndiyo maana," akasema, akarudi kwenye kahawa.

Mkono wa Raya ukaingia, mdogo, umenawa mpaka umepauka. Nikamuuliza kwa sauti ya Dirisha. Akajibu, "Wa Pandu," na akasema kwa woga, kama anayekiri kosa. Nikampimia vibaba vitano. Vilibubujika. Nilikuwa nacheka peke yangu. Nilidhani nimemaliza, jamani. Nilidhani jambo lile linamalizika kwa chombo kimoja.

Nikaweka jicho tunduni nione furaha niliyoitengeneza.

Raya alijaribu kukiinua kikapu akayumba. "Mama! Mama, kizito!" Mize akaja mbio, akafunua kawa, akaganda.

"Una mkono," alisema. "Mwanangu, una mkono." Akacheka, machozi yakamtoka. Kisha nikaiona akili yake ikigeuka kwenda nisipotaka iende.

"Dirisha lile lile," alisema polepole. "Kibaba kile kile, nimekiona kwa macho yangu. Basi ni kweli. Ni mimi. Kumbe ni mimi niliyekuwa nikiumaliza mchele. Nduguyo nimemuua mimi." Hakulia tena. Alisema kama mtu anayesoma tangazo ukutani. "Somo alinambia kila siku, nikawa simsikii. Nikimwona nitamwomba radhi."

Nikatia mdomo wangu wote katika lile tundu. Mpimaji haruhusiwi neno zaidi ya "Wa nani", lakini nilipiga kelele. "Si wewe! Somo, ni mimi, Mize! Si mkono! Vibaba ni vingi humu ndani, chako kimejazwa mbao, hukumwaga kitu, hukuua mtu!"

Foleni ikanong'ona. Raya alikuwa hatua chache mbali, wasichana wenzake wamemzunguka, wanakigusa kikapu chake kwa ncha za vidole. Mize akasogea mpaka uso wake ukaziba mwanga.

"Punguza sauti, somo. Mtoto atasikia."

"Asikie! Ulikuwa unaibiwa. Msukaji bora mji huu ni wewe."

Aliniangalia. Jicho lake na langu yalikuwa karibu kiasi cha kugusana kope. Niliona amenielewa, amenielewa upesi kuliko nilivyojielewa mimi kule ndani.

"Na huu wake," akauliza, "umetoka wapi?"

Jibu lolote lingemvua Raya kila kitu pale pale mbele ya wenzake. Kama mkono wa mama haukuwa mwepesi, wa binti haukuwa mzito.

"Umempa chako," alisema Mize.

"Ndiyo."

"Ahsante, somo." Alisema kwa moyo wote, na hilo ndilo lililonivunja. "Basi nyamaza. Mwache ajue ni mkono wake. Mimi nimeshazoea."

Akaondoka tunduni, akafuta uso kwa upindo wa kanga. Raya alikuwa anahangaika kukiweka kikapu begani. Mama yake akaenda, akanyoosha mikono yote miwili amsaidie.

Binti akasita. Kisha, bila ukali, kwa sauti ya upole ambayo watu wa mji wetu huitumia kwa wenye mkono mwepesi, akasema, "Usiguse, mama, samahani," akakihamishia bega la pili.

Mize akairudisha mikono nyuma. Akamwacha mtoto atangulie hatua tatu, ndipo akamfuata. Walikwenda hivyo mpaka kona, na Mize hakugeuka hata mara moja kunitazama.